Mboni Iliyosimama

Nilimkuta katika fungu la tatu la sombe,
la faranga mia tano, lililoshuka kutoka Kabare na umande wake.
Nikadhani ni jani lililojikunja.
Jani likapumua.

"Usianze na rangi," baba akasema kutoka kitandani.
"Kila mtu huanza na rangi."

Alifagia maabara kule Lwiro miaka ishirini na sita,
akipangusa vumbi kwenye chupa za vyura
ambazo hakuna aliyemwambia azisome. Akazisoma.
Ndani ya dawa ile kali kijani ndicho hutoroka kwanza;
vyura wote walikuwa rangi ya uji.
Basi akajifunza vidole. Akajifunza macho.
Sasa macho yake mwenyewe yameingia uji uleule
na mimi ndiye kioo chake.

"Ukubwa?"
Anakaa juu ya kizibo cha soda na nafasi inabaki.
Haibaki, baba. Nimetia chumvi.
"Ncha za vidole?"
Zina vidonge, kama aliyechovya kwenye gundi
ikamkaukia duara duara.
"Basi hupanda. Wa dimbwini hana hivyo. Utando?"
Miguu ya nyuma, kidogo. Ya mbele ameificha kifuani
kama mama mwenye pesa pale soko la Kadutu.
"Tafuta pembetatu kichwani, kati ya macho."

Umeme umekatika tangu jana. Namulika na simu,
betri asilimia tisa.
Pembetatu siioni. Labda ipo.
Labda nataka tu iwepo, kwa ajili yake.

"Mboni sasa. Imelala au imesimama?"

Hapo nilinyamaza muda mrefu.
Chura alifumba jicho, likazama lote kichwani
kama jiwe ndani ya ziwa, kisha likarudi.
Imesimama.
Wima, kama mlango ulioachwa wazi kidogo
kwa mtoto anayechelewa kurudi.

Baba akaketi, yeye ambaye tangu Jumapili hajaketi.
"Ingelala ningekutajia wale wa matete.
Huyo ni wa mtini. Na bado mdogo:
wengine wao ni kijani utotoni tu,
ukubwa huwavika udongo."
Akataja jina lake la Kilatini, nusu.
Nusu nyingine ilibaki kwenye lebo, huko Lwiro,
kwa mwandiko wa mtu aliyekwisha kufa.

Nikampeleka kwenye mparachichi wa jirani, Mama Nsimire,
aliyeniuliza kama nimekosa kazi.
Nikaosha sombe mara tatu. Nikatwanga.

Usiku mvua ikaosha ngazi zetu za matope,
na nje, juu, sauti moja kavu: *klak*.
Kimya. *Klak*. Kama mtu anayejaribu kufuli isiyo yake.

Nikasema, baba, ni yeye!

"Si yeye," akasema gizani.
"Wako bado hajajua kuongea."