Nailoni

Ladislaus ana kalamu, mimi nina tepu shingoni.
Nimetoka cherehani moja kwa moja,
nyuzi za sare za shule zimening'ang'ania magotini.
"Tuanze na rangi, mama."
Nyeupe haina nyongeza. Nyeusi ina nyongeza.
Buluu ya usiku, hiyo nyongeza yake ni kubwa,
na usiku wenyewe, mwanangu, nani ataiona?

Orodha yake ndefu kama ya mahari.
Paa la kioo: la nini? Jua la Februari
linaingia Tabata bila kualikwa.
Viti vya kupasha moto: nimecheka mpaka mlinzi akageuka.
Usukani wa kupasha moto. Ladislaus naye akacheka.
Viti vya kupuliza ubaridi:
hapo nikanyamaza,
nikaufikiria mgongo wangu, miaka thelathini na moja
ukiinamia pindo za watoto wa watu.
Andika.

"Waya wa kuchajia, mita tano au mita kumi?"
Mita yangu ya LUKU iko ukuta wa nyuma,
jirani na bafu la wapangaji.
Kutoka pale hadi getini nimepima mwenyewe, mita tisa na nusu.
Andika kumi.
Na wapangaji nimeshawaambia: yuniti za gari
zina daftari lake,
asije mtu kunitupia pasi yake.

"Sasa ngozi."
Ndivyo anavyoiita, stika angavu
ya kulivika gari zima, puani hadi mkiani,
na juu yake dawa ya kauri, maji yateleze kama kwenye jani la yungi.
Bei yake: sketi mia nne za marinda.
Akanihesabia maadui kwa vidole:
kokoto za malori ya Barabara ya Morogoro,
vioo vya bodaboda kwenye foleni ya Buguruni,
kunguru, ambao kinyesi chao kikilala kutwa juani
kinakula rangi kama tindikali,
upepo wa chumvi, na yule kijana wa kuosha magari
mwenye ndoo moja na tambara moja tangu Januari.
Hakusema uongo hata kimoja.

Ila mimi nilikuwa nimeshaondoka pale dukani.

Makochi ya mama yalikuja Magomeni yamevaa nailoni,
na nailoni haikuvuliwa.
Tulikaa juu yake kwa makalio nusu.
Mapaja yalinata, ukiinuka yanabanduka kwa sauti,
wageni wanajifanya hawakusikia.
"Mtaniharibia," alisema. Idi, msiba, posa, nailoni.
Siku tuliyomzika, wanawake wakipanga sebule,
mtu akachukua mkasi wangu akaichana.
Kitambaa chini yake kilikuwa damu ya mzee,
kipya kabisa, manyoya yamesimama.
Nikapapasa upande wa dirishani, alipozoea kukaa,
nitafute bonde lake.
Hapakuwa na bonde.

"Mama?"
Nikavua tepu shingoni.
Nikampimia: boneti, hapa mpaka hapa, kwa ajili ya kokoto.
Vizingiti vya milango, kwa ajili ya viatu.
Basi.
"Na chini ya vitasa? Ndiko kucha zinakokwaruza."
Huko acha.
"Na dawa ya kauri, nikupunguzie?"
Acha, Ladislaus.
Ila hiyo rangi ya pale pembeni, damu ya mzee,
nyongeza yake shilingi ngapi?
Akataja. Nikamshusha. Akaenda kumuuliza bosi,
akarudi anatabasamu kwa upande mmoja.

Wiki ya tatu, chini ya kitasa cha nyuma,
mistari minne, myembamba kama uzi namba arobaini.
Ni Shamimu wa binti yangu, miaka sita,
anayefungua mlango kabla sijasimama.
Nikaipitishia kidole gumba, taratibu,
kama ninavyokagua mshono wa mwanafunzi wangu,
nikaenda kununua yuniti.