Waya wa Rangi ya Chungwa

Saiq, Ijumaa ya Januari, na fundi wa Nizwa
kasema Jumapili, inshallah,
kwa sauti ya mtu aliyevaa soksi nzito.
Nimeshusha swichi kuu. Nimejaribu taa mara mbili.
Mama kashika tochi, blanketi mbili mabegani,
na mimi, mwalimu wa jiografia, bisibisi mkononi,
nabandua ukutani kidude kilichogeuka manjano kwa uzee,
kilichotuamulia joto letu miaka kumi na minne.

Nyuma yake tundu, vumbi, na nyaya sita.
Piga picha kwanza, kilisema kijitabu. Nikapiga.
Kisha nikaandika ukutani kwa penseli,
maana penseli haiishiwi chaji:
nyekundu R, buluu C, njano Y, nyeupe W,
kijani G, ya feni.
Chungwa, O.

"Chungwa ndilo hili?" Mama kamulika waya wa kijani.
"Huo kijani, Mama."
"Ndiyo. Chungwa."

Wete, machungwa huiva na ukijani wake.
Alikuwa na miaka ishirini na mmoja alipoliona,
dukani Matrah, chungwa la rangi ya chungwa,
akadhani limebabuka kwa jua.

Nikazikwangua ncha mpaka shaba ikang'aa,
nikaziingiza moja moja kwenye kidude kipya,
cheupe kama jino la bandia,
nikakaza skurubu. Nikapandisha swichi.
Kioo kikawaka. Nikachagua kijua kilichochorwa,
digrii ishirini na mbili.
Nje mashine ikakohoa, ikazinduka,
na kwenye tundu la hewa juu ya mlango
ukashuka upepo
wa baridi.
Baridi safi, ya kulipiwa, ya Maskati mwezi wa Julai,
ikimpiga Mama usoni.

Hakufoka. Alivuta blanketi mpaka puani.
"Umeiomba kwa lugha gani?"

Mwaka sabini na tatu, juma lake la kwanza Ibra,
makaa yamezima, alivuka uchochoro na kigae mkononi
akamwomba jirani: moto. Moto, tafadhali.
Kiarabu chake kilikuwa cha sala tu,
hakujua kwamba huku
neno hilo, likisikika haraka haraka, ni mauti.
Jirani akapiga yowe. Wakaja wanawake watano
wamejitanda, wanalia tayari, wanauliza nani.
Walikaa mpaka alasiri. Mmoja alileta kahawa,
na chini ya dele, alhamdulillahi,
kulikuwa na makaa.

Nilicheka mpaka bisibisi ikanidondoka.
Kisha kijitabu, ukurasa wa kumi na moja,
maandishi madogo kama sisimizi:
kuna valvu huko nje inayogeuza njia ya gesi,
na waya wa rangi ya chungwa ndio unaoiamrisha.
Mashine nyingine, valvu ikipata umeme, hupoza.
Nyingine, umeme uleule, hupasha.
Waya sahihi, tundu sahihi.
Maana ndiyo iliyopinduka.
Chagua O, au chagua B.

Nikachagua B.

Dakika tano za kimya; kompresa haipendi kuharakishwa.
Kisha harufu ya vumbi linaloungua,
na hewa, vuguvugu kwanza, kama pumzi ya mbuzi,
halafu joto la kweli.
Mama akavua blanketi. Moja tu.
"Imeandika ngapi?"
"Ishirini na mbili."
"Na Wete leo ngapi?"
"Thelathini, pengine."
"Basi ifikishe."

Nikamweleza habari ya bili. Nikamweleza
kwamba mashine nayo huzeeka.
Akasema, "Mm."

Asubuhi nilikuta ishirini na saba,
alama ya kidole kwenye kioo,
na ukutani, kando ya ile kijani yangu ya penseli,
maneno mawili ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu,
mwandiko wa chuoni, umetulia:
chungwa bivu.