Lita Arobaini

Ngamiani, barabara ya kumi na saba,
tulifunga mita kwenye kioski cha maji,
mita yenye laini ya simu tumboni,
ikinitumia tarakimu kila dakika kumi,
nikiwa nimelala, nikiwa msalani.

Mimi ni mtu wa mabomba.
Nilifundishwa kwamba maji hayana siri:
yanashuka, yanasukumwa, au yanavuja.
Kwa hiyo ilipochomoza, saa tisa usiku,
chunusi moja kwenye grafu tambarare,
lita arobaini,
jana, juzi, na usiku wa kabla yake,
nikaandika kwa kalamu nyekundu: UVUJAJI.

Wafadhili walikuwa wametuunganisha,
mhandisi mmoja, mtafiti wa jamii mmoja,
ndoa ya mkeka.
Mwanamkasi Shembilu aliitazama karatasi yangu
akacheka puani.
"Tangu lini tundu likaamka saa tisa,
likajaza madumu mawili,
likarudi kulala?"

Akaenda mtaani.
Siku tatu alikaa barazani kwa watu
akiambua mbaazi na kina mama,
hakuuliza swali hata moja.
Ndiyo mbinu yake. Mimi niliiita uvivu,
na nauli yake niliiandika kwa mkono mzito.

Siku ya nne akarudi, kucha zina kijani.
"Tundu lako," akasema, "limekaa eda."

Nilinyamaza.
Nje mtu alikuwa anapiga honi, anauza samli.

Hana mtoto wa kumtuma.
Majirani wangemchotea, tena kwa moyo,
lakini kuomba ni deni, na marehemu
alikwisha kumwachia madeni ya kutosha.
Basi anangoja mtaa ufe ganzi,
anajitanda, anahesabu hatua,
dumu la kwanza, anarudi,
dumu la pili, anarudi,
na mita yangu, mwanaharamu huyu wa plastiki,
inaamka na kunisimulia.

Mamlaka walitaka jibu kufikia Ijumaa:
koki ifungwe saa nne usiku mpaka alfajiri,
au isifungwe?
Kwa hesabu ilikuwa rahisi. Ifungwe.
"Andika sababu basi," nikamwambia, "tuiache wazi."
"Mtaa ule una mjane mmoja tu.
Ukiichora chunusi ile, umemchora uso."
"Sayansi haifichi namba."
"Wala haimvui mtu kanga."

Tuligombana mpaka chai ikaota ngozi.
Nilimwita mshairi; kwake lilikuwa sifa.
Aliniita spana; nikakasirika wiki nzima.

Katika ripoti, ukurasa wa thelathini na moja,
jedwali la nne, mstari wa mwisho,
utakuta maneno yangu, si yake:
*upotevu wa usiku, mdogo, unakubalika;
koki isifungwe.*
Sikudanganya.
Au nimedanganya, kwa lita arobaini,
na sijui bado niziweke safu gani.

Miezi ikapita. Mwanamkasi akahamia mradi mwingine,
wa taka ngumu, kule Duga.
Mimi nikabaki na tarakimu zangu,
nikizisoma usiku kama mtu anayesikiliza
kikohozi cha chumba cha pili.

Kisha usiku mmoja, saa tisa, sifuri.
Nikapiga kidole kioo cha simu. Sifuri.
Nikaangalia betri, mtandao, valvu,
nikawaza mabaya, nikavaa viatu,
nikavivua.

Saa mbili asubuhi mstari ukapanda,
kwenye foleni, katikati ya madumu ya watu,
mrefu kuliko wa jana kwa kiasi nilichokijua.

Nikahesabu siku kwa vidole, kama mtoto.
Minne, na kumi.

Nilipita pale kesho yake, kukagua nati.
Wanawake saba, mmoja anamtania mwenzake, wote wanacheka.
Sikuinua macho.
Nilikaza nati ambayo haikuwa imelegea.