Kabati la Plasta

Mimi siwajui watu kwa nyuso.
Kazi yangu iko nyuma, chumba kisicho na dirisha,
Ngara, ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani.
Huletewa ukungu ungali na unyevu wa mate,
nikoroge plasta, nimimine, nigongegonge
povu litoke, kisha nisubiri.
Dakika arobaini, na mtu anazaliwa
kuanzia meno.

Meno ya mbwa hayaumani, walisema.
Ya binadamu, njooni muone.
Hili chonge la Kwamboka limepanda juu ya ufizi
kama mtoto aliyekosa kiti
akakalia mkono wa kochi.
Hodhan wa Eastleigh, taya la chini limetangulia
na hadi leo halijasubiriwa.
Na rafu ya chini kabisa, Leteipa, miaka kumi na miwili,
aliyeletwa na babu yake Jumanne.

Mzee alikaa mapokezi, kofia magotini,
na alipocheka tukaona mlango wa chini uko wazi:
meno mawili, yaling'olewa kwa kisu
naye akiwa na umri wa mjukuu.
"Daktari, hizi waya ni za muda gani?"
"Miaka miwili, mzee."
Akafikiri.
"Yangu yalichukua asubuhi moja."
Hakuna aliyejua kama anajivuna
au anatupa pole.

Jumamosi sauti hupenya ukuta.
Fungua. Uma. Fungua tena. Tema.
Mahindi ya kuchoma hapana, miwa hapana,
njugu, wewe, nilikwambia nini kuhusu njugu?
Watoto wa bweni wanachagua rangi za mipira
kwa makini kuliko watakavyochagua kazi.
Mama mmoja anapokea risiti, anaikunja mara nne,
anaisukuma ndani ya kifuko cha simu.
Elfu sita mwezi huu, elfu sita ujao.
Jino husogea milimita moja kwa mwezi,
na deni nalo mwendo huohuo,
ila jino linajua linakokwenda.

Halafu alikuja Zawena, karani wa Sacco,
miaka arobaini na mmoja, amejilipia mwenyewe.
Akasema: ninyooshee yote,
huu mwanya uache.
Daktari akaeleza: meno yakivutwa hukimbiliana,
nafasi hujifunga yenyewe.
Akasema: basi ifungueni yenyewe.
Ni wa mama, huu.

Aliongea taratibu, na mimi huku nyuma
nikaacha kukoroga. Plasta ikanigandia bakulini.

Wengine huja tuwazibie. Wanasema wamechekwa,
wanasema kazini, wanasema picha.
Jino la pembe si dawa ya pengo, lakini
ni nani atakuja ghorofa tatu, lifti ikiwa imekufa,
kulipia pengo libaki?

Daktari akapima. Milimita mbili. Akaandika
kwa kalamu nyekundu: USIZIBWE.
Miezi ishirini na mbili
tuliweka springi ndogo ya chuma pale katikati
kulinda mahali pasipo na kitu.
Kila ukungu wake ulipofika mezani
nilianzia hapo, na kijiti cha kiberiti,
nikihakikisha plasta haijamwagika
ikaupoteza.

Wa mwisho niliupiga msasa jioni, peke yangu.
Meno yamejipanga, yote, kama foleni ya benki
saa mbili asubuhi, kabla watu hawajakasirika.
Na katikati, mlango.

Wiki iliyopita, sokoni Ngara, nikinunua vitunguu,
mwanamke alimcheka muuzaji aliyekosea chenji.
Niliujua mwanya
kabla ya kumjua mwenyewe.
Sura yake sikuwa nimewahi kuiona. Ana kovu dogo nyusini,
ana miwani. Nilimdhania mrefu zaidi.
Sikumsalimu.
Ningemwambia nini? Dada, hujambo,
mimi ndiye ninayeishi na kaakaa lako,
rafu ya pili, kushoto?
Nikalipa vitunguu.
Nikapanda ngazi, mdomo umefumbwa,
nikipapasa kwa ulimi
jino langu lililopinda,
ambalo sijawahi kulimiminia plasta.