Chembe Kwenye Sumaku

Iliwaka taa ya manjano, si nyekundu.
Aqqaluk hakungoja ya pili. Alitafuta tambarare ya changarawe
kando ya maji, chini ya jabali lililojaa kinyesi cha ndege,
akaiweka helikopta pale kama mtu awekaye yai.

Mimi nimefika saa nane na robo, kwa boti ya mjomba wake,
magoti yamelowa, sanduku la spana mapajani.
Kutoka Uummannaq hadi hapa ni barafu inayozurura tu,
mapande ya ukubwa wa nyumba, ya ukubwa wa jokofu,
na yale madogo yanayogonga ubavu wa boti kama mdai.

Abiria wanne wameketi juu ya magunia ya barua.
Mwalimu wa Ukkusissat yuko kwenye sigara ya tatu.
Bibi Bolatta ana ndoo ya nyama ya sili, ya harusi ya mjukuu,
na ameshaniuliza mara mbili, kwa upole wa kutisha:
"Itaruka?"

Sijui bado, namwambia.
Hilo ndilo jibu la kazi yangu;
nililipiwa karo miaka minne nijifunze kulitamka.

Kwanza sifungui kitu. Nazunguka.
Mapanga ya juu, napitisha kiganja ukingoni.
Mkia. Miguu ya chuma juu ya mawe.
Panapovuja, na pale ambapo huvuja kidogo siku zote
nione kama leo pamekauka.
Oili iko usawa wake, rangi ya chai kavu, hainuki kuungua.
Kisha nakata waya wa usalama, nazungusha plagi ya sumaku,
naipokea kwa kitambaa cheupe kabla upepo haujaitia mchanga.

Kuna unga. La, unga si neno lake: wanja.
Wanja mweusi, laini, wa gia kusuguana na gia
tangu siku ya kwanza. Uzee wa kawaida.
Uzee haukatazwi kuruka.
Naufuta kwa kidole, na chini yake
kitu kinametameta.

Kibanzi kimoja. Chembamba kama ukucha wa mtoto mchanga
ambao mama huukata kwa meno.
Kitabu kinasema urefu huu ruhusa, urefu ule marufuku;
hiki kimelala katikati, kama msafiri aliyefika mpakani usiku.
Safisha, kinasema kitabu. Rudisha. Washa nusu saa bila kupaa. Tazama tena.

Nusu saa ya kelele, kofia zimeshikwa kwa mikono miwili.
Usione vyaelea, vimeundwa. Nami naongeza:
huundwa upya kila asubuhi, kwa tochi na kitambaa.
Nakumbuka sahihi niliyotia Qaarsut miaka sita nyuma,
vidole vimekufa ganzi, nati moja sikuirudia kwa kipimo.
Helikopta ile yaruka hadi leo. Hakuna lililotokea.
Hakuna lililotokea, na bado naamka saa tisa usiku kuisikiliza.

Tunazima. Mapanga yanapunguza mwendo mpaka unaweza kuyahesabu.
Natoa plagi.
Wanja kidogo. Vibanzi viwili.

Aqqaluk yuko nyuma ya bega langu. Tangu nifike anaomba radhi,
kwa mwalimu, kwa mjomba, nusura kwa ndoo:
huenda ni waya tu, huenda ni unyevu.
Rubani aliyetua bure huchekwa kantini msimu mzima.
Namwonyesha kitambaa.
Hasemi kitu. Mabega yake yanashuka.
Ndege aliitua saa nne asubuhi.
Mzigo ameutua sasa.

Wino umeganda; naitia kalamu kwapani, nangoja.
Naandika: Haifai kuruka. Tarehe, saa, jina langu lote.

Bibi Bolatta hajasubiri kuambiwa.
Yumo botini tayari, ndoo katikati ya miguu.
"Sogea," anamwambia mwalimu,
"na uzime hiyo sigara. Umekalia petroli."