Nyama Ipo

Daftari la mahudhurio ni langu, kalamu nyekundu ni yangu,
na tangu Machi, mbele ya jina la Pitsiula,
nimechora misalaba hadi mstari ukafanana na makaburi.
Sikuuliza. Kijiji chetu kina nyumba mia mbili na kumi;
kila mtu alijua ni kaka wa nani
aliyetoka usiku ule bila koti.

Novemba jua lilituaga saa saba mchana,
likasema tutaonana mwaka mpya.
Jaipiti, dereva wa gari la maji, akaniomba funguo za ukumbi.
"Nifungue saa kumi na mbili, asubuhi."
"Asubuhi ipi?" nikamjibu. Tukacheka gizani.

Alining'iniza kamba,
na mwisho wa kamba kipira cha ngozi ya sili,
kidogo kuliko ngumi ya mtoto,
manyoya yamelika upande mmoja kwa nyayo za waliotangulia.
Sheria ni fupi: ruka, piga kwa mguu mmoja,
tua kwa mguu uleule.
Ukianguka, hukupiga.

Siku ya kwanza watoto wanne. Ya tatu, tisa na mbwa.
Siku ya sita Pitsiula alisimama mlangoni,
theluji ikimyeyukia kwenye buti.
Jaipiti hakumwambia karibu, hakumwambia pole.
Alisema, "Nishikie kamba hii, mkono umekufa ganzi."

Akashika kamba wiki nzima.
Kisha uji: alimaliza bakuli, akatazama pembeni, akachota la pili.
Na kwa kuwa alikwisha kuwa ndani,
na nje ni nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri,
akapanda ngazi hadi darasani kwangu, akalalia dawati.
Nikaweka alama ya vema. Mkaguzi na aseme atakalo.
Aliyelala yupo.

Siku moja Jaipiti akatueleza teke lilikotoka.
Zamani, upepo ulipomeza sauti,
mwindaji arudiye hakupiga kelele.
Alisimama mbali juu ya barafu, nukta tu,
akaruka, akapiga hewa kwa mguu,
na kambini wakajua: nyama ipo. Taa za mafuta zikachochewa.
"Na asiporuka?" akauliza Pitsiula.
Jaipiti alikung'uta kofia isiyokuwa na theluji.
"Basi kambi ilitoka kumfuata."

Machi ikarudi. Tukapanda ndege kwenda mashindanoni.
Kipira kilipandishwa sentimita tano, na tano tena.
Akakosa. Akakosa. Limebaki jaribio moja.
Ndipo Aalasi, msichana wa ng'ambo ya ghuba,
mpinzani wake, ambaye zamu yake ilikuwa inafuata,
akavuka ukumbi akamnong'oneza:
"Unatazama sakafu. Itazame ngozi.
Na goti lako lina haraka kuliko wewe."
Hakuna aliyeshangaa. Hivi ndivyo tunavyocheza.

Akagusa. Akatua. Akayumba, mikono ikipapasa hewa,
akasimama.
Kelele za Aalasi zilizidi zetu sote.

Alimaliza wa nne. Medali hatukurudi nayo.
Juu ya mawingu nilidhani amesinzia,
kumbe ananitazama.
"Mwalimu, ile mitihani ya aljebra niliyoikosa,
bado unayo?"
Nilikuwa nayo. Mkobani. Mwaka mzima,
imekunjamana, ina doa la chai.

Ndege ilitua, mapanga ya injini bado yanazunguka.
Nyuma ya uzio mama yake, na sare ya duka aliyokesha nayo,
mdomo unafunguka, unafunga, hakuna kinachofika.
Pitsiula akatua begi. Akanipa kofia yake nimshikie.
Akapiga hatua mbili kwenye changarawe na barafu,
akaruka.

Mama hakupiga makofi.
Aligeuka, akaenda mbio nyumbani
kubandika birika.