Kona

Mara nne wamenifungua, mara nne wamenifunga.
Ya kwanza Mpwapwa, niko darasa la tano,
kidole tumbo kimepasuka, mama kauza mbuzi wawili.
Ya pili ni pikipiki, barabara ya Hombolo:
bandama ilibaki huko, mimi nikarudi.
Ya tatu utumbo ulijifunga wenyewe, bila kuombwa.
Ya nne wakaniwekea wavu, kama wa dirishani,
kwa kuinua pampu isiyoinuliwa na mtu mmoja.

Sasa Dokta Ndahani anataka kuingia bila kisu.
Kamera, anasema, kwenye ncha ya mpira,
kwa mlango ambao sijawahi kumkaribishia mgeni.
"Damu uliyoiona, Mzee Chilongani, si ya kukisia."
Kisha, kwa sauti ya chini:
"Ila humo ndani umeshonwa sana. Makovu yamegandana.
Utumbo ulionata haujinyooshi. Unaweza kutoboka."
Akanisogezea fomu na kalamu ya bluu.

Nimerudi nayo nyumbani. Iko chini ya redio.

Matika anasema nenda.
Shemeji wa Kibaigwa anasema anamjua mtu
aliyeingia humo akitembea.
Hamalizii.

Mimi ni fundi bomba, mwaka wa thelathini na moja,
Nkuhungu, Chang'ombe, Ipagala kabla haijaona lami.
Bomba la zamani nalijua:
limeungwa hapa, limefungwa mpira pale,
nje kutu, ndani siri yake.
Nimewaambia wangapi, "Mama, tusibahatishe,
tupitishe waya tuone"?
Na mara mbili (hili hata Matika hajui)
kona ilikataa, nikalazimisha,
ua mzima ukawa bwawa.

Usiku upepo wa Julai unatikisa mabati.
Najipapasa, kovu hadi kovu,
kama mtu anayetafuta koki gizani.

Jumatatu nikarudi kwake. Sikuketi.
"Ukifika kona, ikakataa?"
Nilidhani atanitajia asilimia.
Akavua miwani, akaifuta kwa koti.
"Nikikwama, narudi.
Tutatafuta njia nyingine ya kutazama."

Nimefundisha vijana saba kazi hii.
Wawili tu ndio walioweza kulisema neno hilo,
na mmoja wao alilisema akilia.

Fomu nimesaini. Hofu haina pa kusaini,
imekaa tu, tunakula nayo ugali.

Dawa ya kusafisha ni lita nne, chumvi tupu,
na mtaa wetu maji hutoka Jumatano na Jumamosi.
Basi Matika kapanga ndoo kumi na moja kando ya choo,
madumu toka mlangoni hadi kwenye mpapai,
majirani wanauliza kama kuna msiba au harusi.
Anacheka, mwanamke huyu,
mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika kata:
"Haya, fundi. Leo na wewe tukuzibue."